Nani Anapima Ngwe? Wanawake wa Ufipa na Madai ya Ujira Sawa

Chukua orodha ya mishahara ya walimu wa serikali mkoani Rukwa. Hutakuta safu ya wanaume na safu ya wanawake. Mwenye cheti, mwenye stashahada na mwenye shahada, kila mmoja ana ngazi yake ya kuanzia, na ngazi hiyo haiulizi jinsia. Wauguzi, maofisa ugani na watendaji wa kata wako hivyohivyo. Ndiyo maana ukianzisha mazungumzo ya ujira sawa mjini Sumbawanga, upesi utaambiwa kwamba suala hilo lilikwisha zamani, na kwamba lililobaki ni la makampuni ya Dar es Salaam na la nchi za Ulaya.

Jibu hilo linawaruka wanawake walio wengi wa Ufipa. Kuanzia Laela hadi Namanyere, na kushuka upande wa Matai kuelekea mpaka wa Zambia, mwanamke anayefanya kazi hayumo katika orodha yoyote ya mishahara. Analipwa kwa ngwe, yaani kwa kipande cha shamba alichopimiwa, kwa debe, kwa siku, au halipwi kabisa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atapata pungufu ya mwanamume, na bado jioni ya siku anarudi na pungufu. Anayetaka kudai haki yake aanze na swali ambalo sheria zetu za kazi hazijaliuliza vizuri: nani anapima kazi, na anapima kwa kitu gani?

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na sehemu kubwa yake iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi ndiyo zao kuu, pamoja na maharage, ulezi, alizeti na ngano. Tangu miaka ya 1970, serikali iliposambaza mbolea na mbegu bora katika mikoa ya kusini, Rukwa imetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa inayolisha taifa, na leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Sumbawanga. Shehena inayotoka hapa kwa malori imepita kwanza katika mikono ya watu wengi, na mingi ya mikono hiyo ni ya wanawake.

Tazama kazi zenyewe jinsi zinavyopangwa bei. Kulima kwa maksai kunalipwa kwa ekari. Kupakia magunia kunalipwa kwa gunia. Kunyunyiza dawa kunalipwa kwa bomba, yaani kwa kila tangi la dawa linalokwisha. Ekari, gunia na bomba ni vipimo vinavyojulikana na watu wote, na mwenye shamba hawezi kuvinyoosha wala kuvifupisha bila kuonekana. Kazi hizo kwa desturi ni za wanaume. Palizi hulipwa kwa ngwe, na ngwe hupimwa kwa hatua za mwenye shamba au kwa kamba aliyoikata yeye. Kupepeta, kuchagua maharage, kuanika na kuanua hulipwa kwa siku, na siku inaisha mwenye kazi anapotosheka. Wanaume nao wapo kwenye palizi, hasa vijana wasio na maksai, na ngwe inawaumiza vilevile. Lakini tukihesabu saa zote za msimu, upande wa vipimo vinavyonyooshwa umejaa wanawake.

Wakulima wetu wanaijua dhuluma ya namna hii kwa jina lake wanapouza mazao. Ni lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kichwa, anashindilia debe juu ya debe, kisha analipa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo unapita minadani, wakuu wa mikoa wanaipigia kelele kila msimu, na mkulima anajua kwamba ana haki ya kudai mizani. Ngwe ya palizi iliyorefushwa kwa hatua tano ni lumbesa ya jasho. Haina wakala wa kuikagua, haina faini, na sijasikia kiongozi aliyeitisha mkutano wa hadhara kwa ajili yake. Nikitaja kitu kimoja ambacho kampeni ya ujira sawa ya Ufipa ingeweza kukishika na kila mtu akaelewa bila semina, ni hiki.

Mzizi wa hali hii ni mrefu. Katika enzi ya ukoloni, Ufipa ilikuwa hifadhi ya vibarua. Wanaume walichukuliwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine walivuka kusini hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, ilikusanya watu kutoka majimbo ya mbali kama haya. Mshahara wa manamba ulihesabiwa kama wa mtu mmoja asiye na familia. Mke na watoto hawakuwemo katika hesabu kwa sababu ilichukuliwa kwamba wanalishwa na jembe la mama kijijini. Kwa hiyo mwanamke wa Ufipa alikuwa analipia sehemu ya gharama ya mkonge wa Tanga bila kuuona. Unafuu aliopata mwenye shamba kwa kumlipa mwanamume kidogo ulitoka mgongoni mwa mwanamke aliyebaki. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu huwa tunazungumza kana kwamba ujira duni wa wanawake ni mila ya Kifipa iliyoachwa na mababu. Mila ina sehemu yake, ila hesabu hiyo ilichorwa ofisini.

Azimio la Arusha la 1967 liliona tatizo hilo kwa macho makavu. Lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wengi wa vijijini wako likizoni kwa nusu ya maisha yao. Ni maneno makali kutoka kwa chama tawala, na nadhani hayajawahi kurudiwa kwa ukali uleule. Lakini dawa iliyofuata ilikuwa kuongeza uzalishaji. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea Ufipa, eneo la kulimwa lilikua, na kazi ya mwanamume ikapungua muda wake na kupanda bei. Palizi haikupata maksai. Ekari mbili za zamani zilipokuwa nne, magugu nayo yalikuwa ya ekari nne, na jembe la mkono likabaki lilelile.

Upande wa sheria, Tanzania haina upungufu wa maandishi. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Mwaka 2002 nchi iliridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1951, unaodai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kumtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Maneno "thamani sawa" ni mazito kuliko yanavyosikika. Hayasemi kazi ileile. Yanaruhusu kuuliza kama palizi na kulima kwa maksai, kazi mbili tofauti kabisa, zinastahili bei zinazokaribiana. Wataalamu wa kulinganisha kazi hutazama mambo manne: ujuzi, nguvu zinazotumika, dhamana, na mazingira. Fanya hesabu hiyo shambani. Anayepalilia mahindi yaliyochanganywa na maharage lazima atofautishe mche na gugu likiwa bado changa, ajue kina cha jembe kisichokata mizizi, na ainame kwa saa sita au saba, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Akikosea, hasara ya mavuno inaonekana Juni. Anayelima kwa maksai anahitaji nguvu na ujuzi wa kumwongoza mnyama, na pia ana mtaji wa ng'ombe na jembe ambao lazima ulipwe. Ondoa gharama ya mtaji huo, kisha linganisha kinachobaki kwa saa moja ya kazi ya binadamu. Sijui kwa nini zoezi hili halijafanywa katika kila kijiji chenye ofisa ugani. Linahitaji kalamu, karatasi na asubuhi moja.

Amri za kima cha chini cha mshahara nazo zina funzo lake. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Igawe kwa siku 26 za kazi, unapata karibu shilingi 5,385 kwa siku. Amri hiyohiyo ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi, kiwango cha chini kuliko vyote. Hatua ya kuwapa wafanyakazi wa nyumbani kiwango cha kisheria ilikuwa muhimu, na Chama cha Wafanyakazi wa Hoteli, Majumbani na Huduma, CHODAWU, kiliipigania kwa miaka mingi. Hata hivyo, kazi iliyojaa wasichana ndiyo iliyowekwa chini kabisa ya ngazi, na serikali yenyewe iliitia muhuri. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025, ianze kutumika Januari 2026, imepandisha viwango vya sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Kupanda kwa wote ni jambo jema. Hakuondoi mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini.

Na hata shilingi hizo, mpalizi wa Ufipa anazidai wapi? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 60. Mama aliyepunjwa katika palizi ya Januari anatakiwa awe mjini kabla ya mwisho wa Machi, wakati shamba lake mwenyewe linamwita. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza kile anachokidai. Hana mkataba wa maandishi, na shahidi wake ni jirani ambaye naye anategemea kibarua kwa mwenye shamba yuleyule. Sheria ilitungwa kwa ajili ya kiwanda chenye geti. Ufipa ina waajiri maelfu, kila mmoja na ekari zake chache.

Hapa ndipo penye ugumu halisi, na watetezi wengi hupita haraka. Mwajiri wa mpalizi mara nyingi ni maskini mwenzake, na mara nyingi ni mwanamke mwenzake. Mjane mwenye ekari tatu hana mume wala kijana wa kumsaidia, kwa hiyo lazima aajiri. Mwaka 2015, ripoti ya UN Women, UNDP, UNEP na Benki ya Dunia kuhusu Malawi, Tanzania na Uganda ilionyesha kwamba kwa Tanzania sababu kubwa kabisa ya mashamba ya wanawake kutoa mavuno madogo ni upungufu wa nguvukazi ya wanaume wa familia. Ilikadiria kwamba kuziba pengo la mavuno kati ya mashamba ya wanawake na ya wanaume kungeongeza pato la taifa kwa dola milioni 105. Mjane huyo ukimwambia apandishe bei ya ngwe, atakujibu kwamba akilipa zaidi hapati mbolea. Anasema kweli. Mpalizi naye anasema kweli. Kampeni inayowagombanisha wanawake hawa wawili imeshindwa kabla ya kuanza.

Njia ya kuwaweka upande mmoja ipo, nayo inatuelekeza kwenye kipimo kuliko kiwango. Mjane hana haja ya kunyoosha ngwe. Hana muda wa kupima kwa hila. Anayefaidika na kamba isiyojulikana urefu ni yule mwenye ekari 30 au 50 anayeita vibarua 20 kwa siku moja. Ngwe yenye urefu mmoja kijiji kizima inamlinda mpalizi, na pia inamlinda mjane dhidi ya mashindano ya mwenye ekari nyingi anayepata kazi kwa bei ya chini kwa kupima kwa hatua ndefu. Wote wawili wana sababu ya kunyoosha mkono katika mkutano mmoja.

Na mkutano huo upo kisheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikazipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vyetu vimetumia mamlaka hayo kuzuia mifugo kuingia mashambani, kulinda vyanzo vya maji na kuwatoza faini wazazi wa watoro shuleni. Hakuna kinachozuia kijiji kuandika kwamba ngwe ya palizi ni kamba ya mita kadhaa, na kwamba kamba hiyo inakaa ofisi ya mtendaji.

Vijijini kuna hata mfano wa malipo sawa ambao watu wameuona kwa macho. Katika kazi za ajira za muda za mpango wa TASAF, kaya za walengwa hutuma mtu kuchimba mtaro, kupanda miti au kutengeneza barabara, na ujira wa siku ni mmoja, awe mwanamke au mwanamume. Orodha hujulikana, kazi hugawanywa hadharani, na malipo mengi hupokelewa na mama wa kaya. Mtu anaweza kulalamikia udogo wa kiasi, na ana haki. Lakini hakuna kijiji kilichoharibika kwa sababu mwanamke alilipwa sawa na mwanamume kwa mtaro uleule, na mwenye kusema kwamba jambo hilo haliwezekani Ufipa amekwisha kujibiwa na mtaro.

Nani ataongoza? Historia ya nchi inaonyesha kwamba madai ya ujira na haki kazini yalifika mbali pale wanawake walipoyashika wenyewe. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulioundwa 1962, uliwahi katika miaka ya 1970 kudai likizo ya uzazi yenye malipo kwa wafanyakazi wote wanawake, wawe wameolewa au la, na ukafanikiwa licha ya kelele kwamba unahimiza uasherati. Mwaka 1991 Marjorie Mbilinyi alichapisha utafiti wake kuhusu kilimo cha makampuni na mgogoro wa ajira za wanawake Tanzania, akaiita hali hiyo utumwa mkubwa. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ambao yeye ni mmoja wa waasisi wake, ulizaliwa 1993 na ukaendeleza uraghbishi: wanakijiji wenyewe wanachunguza hali yao, wanachora ramani ya nani anafanya nini na nani anapata nini, kisha wanapeleka madai kwa viongozi. Vituo vya taarifa na maarifa vilivyotokana na kazi hiyo katika wilaya kadhaa za nchi vimedai maji, zahanati na vyoo vya wasichana shuleni. Mbinu hiyohiyo ingefaa kabisa kwa ngwe, kwa sababu inaanza na kuhesabu.

Katika mashamba ya maua ya Arusha, chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kimejadiliana na waajiri na kufunga mikataba ya hali bora, huku kamati za wanawake zikisukuma mambo ya uzazi na unyanyasaji. Huko kuna mwajiri mmoja, geti moja na soko la nje linaloogopa aibu. Mfano wa karibu zaidi na Ufipa, kwa maoni yangu, uko pwani. Zanzibar, kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Kisheria si waajiriwa, ni wauzaji. Lakini bei ya kilo ilipangwa na makampuni ya kusafirisha nje, na kwa miaka mingi bei hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara wao. Mtafiti Flower Msuya na wenzake walipoanzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani mwaka 2006, wanawake walianza kusaga mwani, kutengeneza sabuni na kuuza wenyewe. Hawakuyaondoa makampuni. Walichopata ni mahali pengine pa kupeleka jasho lao, na mtu mwenye pa kwenda hujadiliana kwa sauti nyingine.

Mbali zaidi, Munnar katika jimbo la Kerala nchini India, Septemba 2015, maelfu ya wachuma chai wanawake waliziba barabara baada ya bonasi kukatwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Waliwakataza viongozi wanaume wa vyama vya wafanyakazi wasisogee, wakisema ndio waliokubali kuwauza. Baada ya siku tisa walipata asilimia 20, na mwezi uliofuata ujira wa siku ukapanda kutoka rupia 232 hadi 301. Kisha vyama vya siasa vikawavuta viongozi wao, huyu huku na yule kule, na umoja ukapungua nguvu. Ufipa ina la kuchukua katika ushindi huo, na pia katika kudhoofika kwake. Dai la kamba ya ngwe likivaa sare ya chama chochote, litapata wapinzani ambao hawana ugomvi nalo.

Nina wasiwasi mmoja mkubwa kuhusu uongozi wa wanawake tulionao sasa. Kwa takriban miaka kumi, lugha ya kumwezesha mwanamke wa kijijini imekuwa mkopo. Majukwaa ya uwezeshaji wanawake kiuchumi yaliyosambazwa tangu 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, yalileta wanawake pamoja hadi ngazi ya chini. Sheria ya 2018 ikazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, nne kati yake zikiwa za wanawake. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Wapo wanawake Sumbawanga walioanza kusindika alizeti au kufuga kuku kwa fedha hizo, na nawaheshimu. Lakini mkopo ni wa mtu mwenye mradi. Mwanamke anayeuza siku zake shambani kwa mtu mwingine anahitaji siku hizo zilipwe, na katika mazungumzo ya jukwaa, siku hizo hazitajwi. Tumemfundisha kujiona mjasiriamali ambaye hajapata mtaji, na tumeacha kumwambia kwamba ni mfanyakazi anayepunjwa.

Kuna pia pungufu linalotokea nyumbani, baada ya mazao kuuzwa. Mbolea ya ruzuku tangu 2022 hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwa jina, na mauzo rasmi nayo yanahitaji jina na akaunti. Katika kaya ya watu wawili, jina hilo kwa kawaida ni la mume. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Jaji Mkuu Francis Nyalali alivunja hapo fikra kwamba asiyeleta fedha hajaleta kitu. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi alizitapanya; kanuni ikabaki kwa wengine. Tatizo la kanuni hiyo ni kwamba inafanya kazi ndoa inapovunjika. Mwanamke anayetaka kubaki na mume wake na bado aone fedha ya mahindi aliyoyapalilia hana kifungu cha kukimbilia, na hapo usajili wa majina mawili katika daftari la mkulima ungesaidia kuliko hotuba nyingi za Machi 8.

Pingamizi la mwisho ni la kiuchumi, na lina meno. Bei ya palizi ikipanda, mwenye ekari nyingi atanunua dawa ya magugu. Dawa hizo ziko katika maduka ya pembejeo, na kijana mmoja mwenye bomba anamaliza kwa asubuhi moja kazi ya wanawake kumi. Sehemu ya palizi itapotea hivyo, ngwe ipimwe isipimwe. Lakini dawa haipiti kirahisi katika shamba lililochanganywa mahindi na maharage, maana inayoua gugu la majani mapana inaua na maharage, na kuchanganya mazao hayo bado ni desturi yenye nguvu hapa. Wanawake wanaojadiliana wanatakiwa kuijua mipaka hiyo kama anavyoijua muuza dawa. Na kupiga dawa kwenyewe ni kazi: hakuna sababu ya bomba kuwa mali ya vijana wa kiume peke yao, mradi vifaa vya kujikinga vinunuliwe.

Inabaki nguvu ya kungoja. Mahindi yasipopaliliwa katika wiki za mwanzo hupoteza sehemu kubwa ya mavuno, kwa hiyo Desemba na Januari mwenye shamba ana haraka kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa hesabu ya soko, hapo bei ya ngwe ingepaa. Haipai, kwa sababu Januari ndiyo pia ghala la mpalizi limekauka, na anayeingia shambani kwa ajili ya debe la chakula cha leo hawezi kukataa kamba ndefu. Vikundi vya kuweka na kukopa vingi huvunja kikoba Desemba, na fedha inaishia kwenye Krismasi na mahitaji ya shule. Kikundi chenye wanachama 25 kikinunua magunia machache Julai, bei ikiwa chini, kikayafungia, kinaweza kuwalisha wanachama wake kwa wiki mbili au tatu bila mtu kwenda kuomba kibarua. Mkutano mkuu wa kijiji wa Oktoba ndio wa kupeleka hoja ya kamba, wakati walionunua mbolea na waliouza mahindi wote wako nyumbani na hakuna aliye na haraka. Kuifungia nafaka hiyo ya kikundi hadi wiki ya pili ya Januari hakuhitaji ruhusa ya halmashauri, ya mfadhili wala ya mwenye shamba. Kunahitaji azimio moja katika daftari la kikundi.